Msumari wa Leander Keeping

Hapa Lower Turr, kisiwani Newfoundland, jua likitoka na watu hutoka. Kina mama huanika mashuka, wazee huketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, na mchungaji mwenyewe hupunguza mahubiri. Tumezoea ukungu kiasi kwamba siku ya jua kwetu ni sikukuu isiyo na tarehe. Mtu mmoja tu alikuwa akiichukia, naye ni jirani yangu Leander Keeping. Aliamka, akachungulia dirishani, akaona anga limetakata, akasema neno ambalo sitaliandika, kisha akaenda kufungua mpira wa maji.

Sababu ilikuwa ukuta wake wa kusini. Ukuta ule umefunikwa kwa vibao virefu vya plastiki vya rangi ya krimu, kimoja juu ya kingine, kama nyumba zetu zote. Asubuhi ulikuwa umenyooka. Kufika saa nane mchana ulikuwa umebinuka mawimbi kutoka kona hadi kona, na jioni ukipoa unanyooka tena. Aliyetaka kusema Leander ni fundi mbovu alikuwa na nafasi yake kati ya chakula cha mchana na chai ya jioni. Na Leander ndiye aliyezifunika nyumba za kijiji kizima.

Mimi ni Verna Bungay. Nimeishi mkabala na ukuta ule tangu niolewe, na mkewe Leander, Melvina, ni binamu yangu, kwa hiyo msitarajie nipime kwa haki.

Kina Keeping walikuwa waunda mashua. Marehemu baba yake, mzee Eleazar, alikuwa na usemi mmoja aliourudia mpaka tukadhani umo kwenye Biblia: "Msumari usiozama humzamisha mtu." Akimwona mwanawe ameacha kichwa cha msumari kimechomoza hata unene wa ukucha, alimrudisha aanze upya, na kofi juu. Leander akakua hivyo. Alipopiga msumari, msumari ulikaa. Mashua zao zilivuka dhoruba ambazo zilimeza mashua za wengine, zikawarudisha baba zetu nyumbani. Hilo nalisema bila kejeli yoyote, maana baba yangu alikuwa mmoja wao, na nilizaliwa mwaka uliofuata.

Kisha samaki wakaisha, uvuvi ukafungwa, na hakuna aliyetaka mashua tena. Watu wakabaki na mikono mitupu na nyumba za mbao zinazodai rangi kila mara. Ndipo plastiki ikaingia. Haiozi, haipakwi rangi, inaoshwa na mvua. Akaletwa mkufunzi kutoka mjini, kijana mpole mwenye sauti ndogo, awafundishe wanaume wetu kazi hiyo kwenye ukumbi wa kanisa. Sisi wanawake tulikuwa nyuma tunapika supu ya njegere, kwa hiyo tulisikia yote.

"Vibao hivi havikazwi," kijana alisema. "Vinatundikwa tu. Msumari unaupitisha katikati ya kitundu hiki kirefu, halafu kichwa chake unakiacha nje kidogo, nafasi ya sarafu kupenya. Plastiki ikipata joto inarefuka, ikipata baridi inafupika. Sasa lazima uiachie nafasi ya kutembea, la sivyo itabinuka."

"Itembee iende wapi?" Leander akauliza.

Ukumbi mzima ukacheka.

"Kushoto na kulia, bwana. Kidogo tu."

"Mwanangu, umewahi kuuona upepo wetu wa Novemba? Hapa ukikiacha kitu kitembee, utakifuata Ireland."

Akachukua kibao, akakikandamiza kwenye boriti, akapiga misumari mpaka vichwa vikazama. Kisha akamwambia kijana, "Haya, vuta sasa." Kijana alivuta mpaka masikio yakawa mekundu. Kibao hakikutikisika. Watu wakapiga makofi na kugonga meza, na supu ikamwagika. Hakuna aliyekumbuka kwamba yule kijana hakusema kibao kitang'oka. Alisema kitabinuka. Lakini mtu akishashangiliwa, nani tena anasikiliza? Sikio la kufa halisikii dawa, na siku ile tulikuwa ukumbi mzima wa masikio ya namna hiyo.

Maana nasi tulitaka hivyohivyo. Kwetu nyumba inayogongagonga kwenye upepo ni aibu, watu wanasema mwenye nyumba mvivu. Leander alipomaliza nyumba, ilinyamaza kabisa. Ungeweka sikio ukutani katikati ya dhoruba usisikie kitu. Tukampelekea mikate, tukampelekea jemu, tukapanga foleni. Akatufunika wote, nyumba baada ya nyumba, na kila msumari ameuzamisha kama aliyekuwa akiogopa tutazama.

Kiangazi cha kwanza kuta zikaanza kucheka. Ndivyo Hedley Pardy alivyosema, Hedley ambaye Mungu alimnyima nywele akamzidishia mdomo. "Njooni mwone, nyumba yangu imechekeshwa na nini?" Tukatoka, tukageuka nyuma, na kumbe zetu nazo zinacheka. Leander akapita akizitazama moja moja, mikono nyuma.

"Plastiki bado changa," akasema. "Itakomaa."

Majira ya baridi yakaja. Plastiki ikataka kufupika, misumari ikaikatalia, ikapasuka kwa mlio wa bunduki. Machi upepo ukaja kuokota vipande. Tukawa tunakutana kwenye vilima vya nyuma ya kijiji, kila mtu anatafuta rangi yake kwenye theluji.

"Umekiona kipande cha kijani?"

"Sijakiona, mpenzi, ila nina bluu ya mke wa mchungaji."

Na bado hakuna aliyemwambia Leander kitu. Mtu wa mbali atatuona wajinga. Lakini utamwendeaje mtu ambaye msumari wake ulimrudisha baba yako, umwambie misumari yake haifai? Tulibandika vipande, tukanyamaza, tukampelekea jemu kama kawaida.

Aliyetuokoa ni Melvina. Alikwenda Alberta, jimbo la mbali upande wa magharibi, kumtembelea binti yao, Charlene, na nje ya dirisha la Charlene mafundi walikuwa wanafunika nyumba ya jirani. Melvina si mtu wa kukaa dirishani bila kuuliza. Alitoka na chai, akarudi na maarifa, na baada ya wiki akarudi kwetu na kijichuma kifupi chenye ncha iliyopinda, mpini wake wa mbao. Unakichomeka chini ya kibao, unavuta, kibao kinaachia pale kilipoumana na mwenzake, na misumari inabaki wazi mbele ya macho yako. Aliificha ile kulabu ndani ya kikapu chake cha kufumia. Leander asingegusa kikapu kile hata nyumba ingekuwa inaungua.

Kila vuli wanaume wetu huenda katikati ya kisiwa kuwinda, Leander akiwa mbele yao. Vuli ile walipoondoka tu, Melvina akaja kwangu na kulabu mkononi na sarafu mfukoni.

"Shika ngazi," akaniambia.

Akafungua kibao, akatoa kila msumari kidogo tu, akapenyeza sarafu chini ya kichwa chake kupima, akahamia wa pili. Alipofika kwenye kona akanifanya nikisukume kibao kwa kiganja. Kikateleza kushoto, kikateleza kulia.

"Umeona?" akasema. "Kinapumua."

Baada ya nyumba yangu kulabu ikaenda kwa kina Pardy, kisha kwa mke wa mchungaji, ikapita mikononi mwa kina mama wote wa Lower Turr. Wanaume waliporudi na nyama walikuta kuta zao zimelegezwa na wake zao wamefunga midomo. Walielewa haraka, wakafunga yao. Funika kombe mwanaharamu apite. Zoezi hilo tulilifanya kila vuli mpaka nyumba zote zikaisha.

Kiangazi kilichofuata Leander akapita tena, mikono nyuma, akaona kuta zimenyooka. Alifurahi! Nakumbuka alisimama uani kwangu saa nane mchana, jua limewaka, akaupiga ukuta wangu kofi la upendo.

"Unaona, Verna? Niliwaambia. Imekomaa."

"Kweli, Leander."

"Kwangu panapigwa na jua sana. Ndiyo maana panachelewa."

Nyumba zetu zinatazama upande mmoja, na katikati yetu kuna njia tu. Jua hilohilo. Nikasema, "Ndiyo, kwako linapiga zaidi."

Nyumba yake tu ndiyo Melvina hakuigusa. Nilimuuliza kwa nini, akaweka sindano za kufumia chini kwanza.

"Zenu ni kuta, Verna. Ule wangu si ukuta, ni Leander. Nikimlegeza kwa siri, nitakuwa naishi na nani?"

Nilidhani anatania. Miaka ikapita, ukuta ukabinuka na kunyooka, ukabinuka na kunyooka. Kinyozi hajinyoi, tukasema, na tukazoea. Melvina hakuzoea.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa kiangazi, nilikuwa jikoni kwao nakunywa chai ya maziwa ya kopo alipolisema. Alilisema kwa sauti ya mtu anayekumbusha kununua sukari.

"Leander, Charlene anakuja Agosti."

"Vizuri."

"Ana chumba kwake. Akirudi Alberta na ukuta huu bado unacheza, nitarudi naye. Sitarudi huku."

Leander akaweka kikombe chini. "Yaani utaniacha kwa sababu ya plastiki, mwanamke?"

"Nani anamwacha mtu kwa sababu ya plastiki? Nimekaa na wewe maisha yangu, sijawahi kusikia neno moja dogo likitoka kinywani mwako. Nataka nilisikie kabla sijafa, au nikakae mahali ambapo silingojei."

"Neno gani hilo?"

"Unaona?" Melvina akanigeukia mimi. "Hata halijui."

Siku ileile akatoa sanduku chini ya ngazi akaliweka juu ya kitanda cha jikoni, limefunguliwa, tupu. Ili kulala usingizi wake wa mchana, Leander alilazimika kulisogeza. Na kila alipoamka lilikuwa limerudi.

Basi akaanza kuushughulikia ukuta. Dawa yake ya kwanza ilikuwa misumari zaidi. Alipigilia mahali palipobinuka, pakabinuka pembeni yake. Akapigilia pembeni, pakabinuka juu. Nilimtazama kupitia dirisha langu nikataka kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Ukuta ukawa na madoa ya misumari kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga.

Dawa ya pili ilikuwa maji. Aligundua kwamba ukuta ukipoa unanyooka, na hilo ni kweli. Kwa hiyo kila siku ya jua, Melvina akitoka kwenda kanisani au dukani, Leander alifungua mpira akaumwagia ukuta maji baridi mpaka mkewe arudi. Hedley alikuwa akipita kwa makusudi, akimwita nahodha kama tunavyowaita wazee wetu wote.

"Nahodha! Umeamua kuubatiza?"

"Naosha vumbi."

"Vumbi gani, nahodha? Mvua iliacha kunyesha jana saa kumi."

"Pita zako, Hedley."

"Napita. Ila ukimaliza nyumba, mwogeshe na mbuzi wa mke wa mchungaji, naye analalamika joto."

Melvina alikuwa anarudi, anakanyaga matope penye nyasi kavu za majirani, anautazama ukuta ulionyooka unaochuruzika maji, haulizi kitu. Anaingia ndani. Kesho yake palikuwa na nguo moja ndani ya sanduku. Keshokutwa, mbili.

Usiku wa kuamkia siku ya Charlene, Leander aliomba ukungu. Najua kwa sababu Melvina alimsikia akiomba kwa sauti, na Leander si mtu wa kuomba. Mungu akajibu kwa siku ya jua ambayo wazee bado wanaizungumzia. Lami ililainika. Mbwa walilala chini ya mashua. Gari la Charlene lilipoingia uani saa nane mchana, mzee wake alikuwa amesimama na mpira wa maji, amelowa mpaka magotini, na ukuta nyuma yake unapanda na kushuka upande ule ambao maji hayajafika.

"Baba," Charlene akasema, mlango wa gari bado wazi, "unafanya nini?"

"Karibu, mwanangu. Naosha vumbi."

Charlene akautazama ukuta. Akageuka akautazama wangu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta huo na sikujua niweke wapi mikono.

"Mbona wa mama mdogo Verna umenyooka?"

"Ule umekomaa."

Mtoto wa watu aliishi mbali, hakuna aliyemwonya. Akafungua kinywa, mama yake akamshika mkono, akamwingiza ndani. Mimi na Leander tukawafuata, chai ikanywewa. Melvina hakugomba, angegomba, Leander angejua la kufanya. Aliinuka tu, akaenda nyuma ya mlango wa nyuma, akachukua buti zake za theluji, akazifunga kwenye gazeti, akaziweka sandukuni.

Leander alizitazama zile buti. Mtu anayekwenda kutembea hachukui buti za theluji mwezi wa Agosti. Nilimwona usoni jambo likimwingia, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye mashua mbovu. Akainuka akatoka nje bila kofia.

Nikamsikia akiburuta ngazi, aking'oa ile misumari aliyoiongeza. Kisha nikasikia plastiki ikilia. Alikuwa anajaribu kung'oa kibao kwa mtaimbo, na kibao hakitoki hivyo, kinavunjika. Kikavunjika. Akajaribu cha pili, kikavunjika. Melvina akaenda kwenye kikapu chake cha kufumia, akatoa kulabu, akatoka nayo, akampa akiwa amesimama pale juu ya ngazi.

"Chomeka chini, uvute kwako," akasema.

Akachomeka, akavuta. Kibao kikaachia laini. Leander hakuuliza kulabu imetoka wapi. Alikuwa na mengine kichwani. Akautoa msumari wa kwanza nje kidogo. Aliusikia ukilia, nadhani na yeye alilia kidogo, lakini jua lilikuwa kali na kila mtu alikuwa na jasho. Akatoa wa pili. Akakisukuma kibao kwa kiganja, kikateleza.

Kufikia hapo uani palikuwa pamejaa. Hakuna aliyeitwa, Lower Turr haiitwi. Leander akageuka juu ya ngazi, akatuona wote, akashuka vidaraja viwili.

"Nilikosea," akasema.

Sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Yule kijana wa mjini alikuwa sahihi. Misumari haikazwi. Nilikosea hapa, na nilikosea kwenu nyote."

Nawaambia, tulipaswa kupewa zawadi kwa namna tulivyoigiza.

"Hapana!" mke wa mchungaji akasema, mkono kifuani.

"Usituambie hivyo, nahodha!" akasema Hedley, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza kitu.

Melvina alikuwa amesimama kizingitini. Hakutabasamu. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Hapo tungeenda nyumbani na mambo yangeisha. Lakini Leander ni mwana wa Eleazar, na mwana wa Eleazar hawezi kuacha kazi mbovu mikononi mwa mtu. Akafuta uso kwa kiganja akasema, "Nikimaliza hapa, nitapita nyumba zote. Misumari yote niliyoikaza nitailegeza mwenyewe. Naanza kesho asubuhi, kwa Verna."

Tukatazamana.

Fikiria. Akija, akafungua kibao, atakuta misumari imeshalegezwa miaka mingi iliyopita. Atajua kwamba kijiji kizima kilimrekebisha nyuma ya mgongo wake na kikamwacha yeye peke yake anamwagia nyumba maji. Neno lililomchukua maisha mazima kulisema litageuka kuwa kichekesho kabla halijapoa. Hedley aliniinamia sikioni.

"Una nyundo, Verna?"

Basi asubuhi iliyofuata, jua lilipochomoza tu, nilikuwa juu ya ngazi, vibao nimevifungua kwa kijiko nilichokipinda, nakaza tena misumari ambayo Melvina aliilegeza. Sijawahi kufanya kazi ya kijinga kwa bidii kama ile. Nilijipiga kidole gumba, nikatukana, nikaendelea. Kutoka kwa kina Pardy nilisikia nyundo. Kutoka kwa mchungaji nilisikia nyundo, na mchungaji mwenyewe akimwambia mkewe apige taratibu. Bonde zima lilikuwa linagonga. Na kutoka jikoni kwa Melvina ilikuwa inatoka taarifa ya hali ya hewa kwenye redio, imefunguliwa mpaka mwisho, madirisha yanatetemeka. Baadaye Charlene aliniambia baba yake aliuliza mara mbili kwa nini redio ina kelele, na mama yake akajibu, "Masikio yangu yamezeeka, kula mkate wako."

Akaja. Nilikuwa nimeshaficha nyundo na kidole. Akasimamisha ngazi pale nilipokuwa nimesimamisha yangu. Miguu ya ngazi ikaingia kwenye mashimo yaliyokuwa tayari ardhini. Akaangalia chini, akaangalia ukuta, akachomeka kulabu, akavuta.

Mimi nilisahau jambo moja. Mtu aliyepiga misumari tangu utoto anaisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Msumari uliokaa miaka chini ya plastiki una kutu yake nyembamba kichwani. Wangu ulikuwa na kutu, na katikati ya kutu palikuwa na alama inayong'aa, mbichi, ya nyundo ya asubuhi. Na pembeni yake alama ya pili, pale nilipoukosa.

Leander akaishika ile alama kwa kidole. Kisha akaitazama kulabu mkononi mwake, kwa mara ya kwanza akaitazama kweli: mpini wake ulikuwa umelainika na kung'aa kwa jasho la mikono, na mikono yenyewe ilikuwa midogo kuliko yake. Akautazama ukuta wangu, ambao miaka yote ile ulinyooka kwenye jua la saa nane. Akatazama ng'ambo ya njia, kwake, ambako Melvina alikuwa anaanika taulo na hakugeuka.

Nilingoja.

"Verna," akasema bila kunitazama.

"Naam."

"Baba yangu angekupiga kofi kwa msumari huu."

"Najua, Leander."

"Umekaa upande."

"Najua."

Akachukua mtaimbo, akautoa msumari nje kidogo, akatoa sarafu mfukoni, akaipenyeza chini ya kichwa cha msumari, akaridhika. Akahamia wa pili. Alifanya ukuta mzima hivyo, msumari kwa msumari, bila haraka, kana kwamba hajui lolote. Nilipomletea chai aliinywa akaisifu. Kisha akabeba ngazi akaenda kwa Hedley, na kwa Hedley akafanya hivyohivyo, na Hedley, maskini, alisimama chini ameshika ngazi kwa mikono miwili akisema, "Asante, nahodha. Asante sana. Tusingejua."

Alipita nyumba zote. Kazi hiyo ilimchukua likizo nzima ya Charlene. Katika kila nyumba alikuta misumari iliyopigwa asubuhi ileile, mingine kwa nyundo, mingine kwa shoka, na kwa mke wa mchungaji, naapa, kwa kisigino cha kiatu. Katika kila nyumba aliilegeza, akanywa chai, akashukuriwa.

Siku aliyomaliza nilikuwa kwao nimerudisha sahani. Sanduku lilikuwa juu ya kitanda cha jikoni, limejaa, kifuniko kimeegemea ukuta; Charlene anaondoka kesho yake. Leander akaingia, akavua viatu, akanawa mikono. Akaifuta kulabu kwa kitambaa, akaenda kwenye kikapu cha kufumia ambacho hakuwahi kukigusa, akairudisha ndani, chini ya sufu, pale pale ilipokuwa ikikaa. Melvina aliona. Alikuwa anakata mkate, kisu kikasimama.

"Haya," akasema. "Ulizikutaje nyumba za watu?"

Leander akavuta kiti akaketi.

"Zimekazwa," akasema. "Zimekazwa kabisa. Vilevile nilivyoziacha."

Melvina alimtazama. Chai yangu ilipoa. Kisha akaweka kisu chini, akaenda kwenye sanduku, akazitoa zile buti za theluji, akazifungua gazeti, akazirudisha nyuma ya mlango.